Kabla Hujaomba Kubadilisha Masomo

Mogitu, jioni, mvua imekatika

Mwanangu Marselina,

Siku babu yako aliporudi kutoka Katesh akikimbia kama kijana, kofia mkononi, akipaza sauti kuanzia kule darajani kwamba jina lako limebandikwa, umechaguliwa kidato cha tano, mimi nilisema naenda kumfunga ndama. Hakuna aliyekumbuka kuwa hatukuwa na ndama wa kufunga. Nilikwenda nyuma ya zizi nikakaa juu ya gogo la kuchanjia kuni, nikalia mpaka mbuzi wakaacha kula wakanitazama. Uliponikuta nanawa uso ukasema, "Mama mdogo, hata wewe furaha imekuliza?" Nikaitikia ndiyo. Haikuwa furaha. Sijamwambia mtu, na hata kwenye kitubio nilipita pembeni yake.

Ulikuwa wivu. Mimi nilimaliza kidato cha nne kabla yako nikapata daraja la nne, nikarudi kukaa na bibi yako jikoni. Wewe umepata la kwanza, na sayansi zako zote zimesimama imara. Nililia kwa sababu niliona njia inapita mlangoni kwetu na aliyeitwa si mimi.

Nikuambie pia kwamba wivu wenyewe haukulala. Usiku ule tulipochinja jogoo kukupongeza, uliiba firigisi ya babu yako ukaifukia chini ya ugali wangu. Mzee akapekua bakuli lote. "Kuku huyu hakuwa na firigisi?" Bibi yako, bila kuinua uso: "Ni kuku wa siku hizi." Na babu yako akahema akasema, "Basi hata firigisi wameibinafsisha." Nilicheka mpaka nikapaliwa, na nilipomaliza kukohoa sikuona tena kile kitu kifuani. Mtu anayekuibia firigisi ya mzee wa nyumba huwezi kumwonea wivu kwa muda mrefu.

Mambo ya sweta, sabuni, kutokula vitu vya stendi na kutompa mtu begi akushikie, sitayaandika. Bibi yako atayasema kesho mpaka basi liondoke, na likishaondoka ataendelea kuyasema. Mimi nataka kuandika juu ya lile uliloniambia tukipalilia maharage.

Ulisema bila kuinuka, kama mtu anayeongea na jembe. "Mama mdogo, nikifika shuleni naomba kubadilisha. PCB siitaki."

"Unataka nini?"

"HKL. Historia, Kiswahili, Kiingereza. Nataka nikasome saikolojia chuo kikuu."

"Na Baiolojia yako?"

"Saikolojia ni ya watu. Vyura nitawapasua wa nini?"

"Kwani watu hawana matumbo?"

Ulicheka, halafu ukaacha ghafla ukaniambia, "Usimwambie babu." Nikasema sawa. Nimekaa na hiyo sawa tangu siku ile na haijakaa vizuri.

Babu yako anajua kitu kimoja, kwamba PCB, hizo Fizikia, Kemia na Baiolojia, maana yake ni daktari. Ameshalitangaza kanisani. Mzee Tluway alikuja hapa Jumapili akapandisha suruali mpaka gotini, "Daktari, hebu niangalizie hili," na wewe, mshenzi wewe, ukalibonyeza ukamwambia apunguze kwenda kilabuni. Akaondoka ameridhika. Tulicheka wote, ila nilimwona babu yako akilitazama lile goti kwa heshima, kama vile limeshapona. Ndiyo sababu unaogopa kumwambia. Ungekuwa unamwogopa kwa ukali wake ningekuelewa upesi, lakini yeye si mkali. Unaogopa kuiondoa ile furaha usoni mwake.

Sasa nisikilize mimi, ambaye umenizidi kimo na miaka tumepishana kidogo tu, na unanipigia shikamoo kwa magoti mbele ya wenzako ili wacheke. Shikamoo hiyo naipokea kwa dhati. Siku ulipoletwa hapa kutoka Basotu, una miaka minane, umemning'iniza kuku mgongoni, umemshika miguu, bibi yako alinivuta mkono akaniambia, "Yustina, huyu ni mwanao. Akilia nitakuuliza wewe." Nilikuwa na miaka kumi. Watu wazima walicheka, mimi sikucheka. Usiku ule nilikaa macho nikikusikiliza kama unalia. Hukulia. Ulisema usingizini, "Mama amekaa nje," basi. Nilimwuliza bibi yako maana yake, akaniambia nilale.

Ulikuwa mdogo, na naona kuna vipande unavyo na vingine huna, na najua ndivyo vinavyokupeleka kwenye hiyo saikolojia. Nikupe nilivyonavyo.

Mama yako alijifungua mtoto ambaye hakupumua. Huko ukweni walikuwa watu wa kanisa, kila Jumapili benchi la mbele, lakini bibi yako mzaa baba aliishika ile mila ya zamani, kwamba nyumba iliyoguswa na kifo cha namna hiyo ikae kando. Asichote maji pamoja na wengine. Asiingie kwenye nyumba ya mtu. Kikombe chake kiwe chake. Mifugo yake isichanganyike malishoni. Baba yako alikuwa bado anaendesha kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali, analala huko huko msimu mzima, akirudi anakuta mambo yamekwisha kupangwa. Halafu mashamba yakaanza kuachiwa, madereva wakapunguzwa, akaenda Mererani kutafuta madini. Mama yako akabaki amekaa nje ya uzio wa watu, na wewe ukaletwa kwetu, ili ukae mpaka apate nafuu.

Kwa muda mrefu niliichukia ile mila. Mwalimu wetu wa Historia aliiita ujinga wa giza, na mimi niliandika hivyo hivyo kwenye daftari. Lakini nilipokua bibi yako alinieleza jambo ambalo mwalimu hakulisema. Ile mila ilikuwa na mwisho wake. Siku zikitimia, mzee wa upande wa mwanamke anakwenda. Anakula naye sahani moja. Anatamka kwamba imekwisha. Majirani wanaingia, kikombe kinazunguka, na mtu anarudi kati ya watu. Wazee walimtenga mtu huku wanajua siku ya kumrudisha.

Kwa mama yako walifanya nusu. Kumweka kando kulifanyika kimya kimya, hakukuhitaji mtu kujulikana. Kumrudisha kungehitaji wazee, pombe, na watu wengi kuona, na katekista angesikia. Wakaona aibu. Na huku kwetu babu yako akasema sisi ni Wakristo, hatuna mambo hayo, hatuendi kufunga kitu ambacho hatukukifungua. Kila upande ukawa na sababu nzuri. Mama yako akabaki pale walipomwacha. Sasa hivi hakuna anayemkataza kisima wala mlango wa mtu, na bado hapiti.

Nimeyajuaje? Hapa ndipo ninapotakiwa kukuambia jambo la pili ambalo sijamwambia mtu.

Mwaka jana, ngano inavunwa, wewe uko bweni, mimi na bibi yako tulimpeleka mama yako hospitali ya misheni. Ulijua tulikwenda kwa ajili ya kichwa. Kichwa walikipima, hakikuwa na kitu. Ndipo wakatupeleka kwenye chumba cha mwisho kwenye korido, kina viti vitatu na dirisha. Humo tulimkuta mama mmoja kijana, mwenye miwani, wanamwita mshauri. Alimwuliza mama yako kwa Kiswahili anaendeleaje. "Nina nafuu." Analala? "Nalala." Anakula? "Nakula." Kama mtu anayeitikia jina darasani. Yule mshauri akaweka kalamu chini, akanigeukia mimi. "Nyumbani mnaongea lugha gani?" Nikamwambia Kiiraqw. "Basi mwulize wewe, kwa lugha yenu. Usimwulize anaumwa nini. Mwulize anasubiri nini."

Unanijua. Mimi ni mtu wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija. Lakini nilimwuliza. Na mama yako, ambaye sijamsikia akisema maneno matatu mfululizo tangu nikiwa mtoto, aliongea mpaka bibi yako akaanza kulia chini ya kanga. Alisema, "Nasubiri waje." Nikamwuliza kina nani. "Wa kunirudisha. Baba hajaja."

Nilitafsiri neno kwa neno. Yule mshauri hakuandika. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa mahali penyewe panapouma.

Tulipotoka, bibi yako akiwa anamnawisha mama yako bombani, nilirudi peke yangu kwenye kile chumba. Nilikuwa nimepanga swali langu kwa Kiingereza, nikidhani mtu aliyesoma huulizwa kwa Kiingereza. Nikaanza, nikakwama kwenye neno la tatu. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Sema tu, mdogo wangu, hapa si mtihani." Nikamwambia nina mwanangu yuko sekondari, anataka kujua asome masomo gani ili awe kama yeye.

Akanitazama. "Mwanao ana miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Na wewe?"

"Kumi na minane."

Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi pia nikacheka, haya zikaisha. Hakunisuta. Alijibu swali langu kama vile yule mwanangu yupo kweli, na wewe ulikuwepo kweli, ila siku ile, mwanangu, sikukuulizia wewe. Nilijiulizia mimi. Niliona haya kusema kwamba mimi, mwenye daraja la nne na mikono ya samadi, nataka kukaa siku moja kwenye kile kiti. Nikakutanguliza wewe. Ndiyo maana sikukuletea majibu yake. Niliyaweka kama kitu changu. Halafu juzi kwenye maharage unaniambia saikolojia, bila mimi kukutajia hata siku moja, nikakata shina la haragwe zima badala ya gugu.

Sasa chukua, ni yako pia.

Alisema huyo mwanangu asichague somo kwa sababu ya jina la somo. Yeye alikwenda chuo akidhani atakaa awasikilize watu. Mwaka wa kwanza wakampa takwimu. "Nililia kuliko wagonjwa," alisema. Kumbe huko wanahesabu sana. Watu wangapi walipona, je, walipona kwa sababu ya dawa, au kwa sababu ya muda, au walikuwa watapona tu. Kwa hiyo Hesabu asiikimbie. Baiolojia asiiache, maana ubongo ni nyama kwanza, una damu na chumvi zake, na mtu anaweza kuwa na huzuni ambayo mzizi wake uko kwenye tezi ya shingoni. Na asome sana maisha ya watu, historia yao na masimulizi yao, na ajue kuandika kwa mpangilio, kwani kazi kubwa ya chuoni ni kusoma na kuandika. Nikamwuliza kombi gani ya masomo ina vyote hivyo.

"Hakuna," akasema. "Hayo mengine ndiyo mtu anasoma jioni."

Akaongeza kwamba vyuo vinachukua kutoka pande zote mbili, waliosoma sayansi na waliosoma sanaa, na mara nyingi wanachoangalia kwanza ni kama umefaulu vizuri. Kila chuo kina masharti yake na huwa wanayabadilisha, kwa hiyo aulize chuo chenyewe mapema, asitegemee maneno ya watu wa basi. Wala ya mshauri wa hospitali, akasema, akacheka tena.

Hayo ni yake. Yangu ni haya, na nimeyalipia.

Kidato cha pili kilipoisha tulisimamishwa mmoja mmoja kutaja mchepuo. Nilipenda Baiolojia, nilipenda Historia, nilipenda Kiswahili kuliko kitu chochote. Nilitaja sayansi tupu. Unajua kwa nini? Mwalimu wa Historia alikuwa anatusimamisha tujadiliane kwa Kiingereza. Mimi niliyesoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, nikawa wa kwanza darasani, nilipoingia sekondari niliambiwa niikunje akili yangu yote niiweke kabatini nianze nyingine. Nikisimama, maneno yote yananikimbia kama kuku waliotupiwa jiwe. Mwalimu wa Fizikia hakuwahi kumwuliza mtu swali. Alikuwa anaandika ubaoni, anafuta, anaandika tena. Pale ningeweza kukaa miaka miwili bila kufungua mdomo. Nilichagua masomo kwa kutafuta mahali pa kunyamazia.

Na nilipata nilichokitafuta. Nilinyamaza. Sikuelewa umeme unakwendaje, sikuuliza. Sikuelewa tena, sikuuliza tena. Mtihani ulipokuja nilikuwa nimenakili daftari zuri kuliko wote shuleni, wenzangu waliliazima wakafaulu nalo.

Kwa hiyo ninapokusikia unasema HKL, sikuulizi kama ni nzuri. Ni nzuri. Nakuuliza unakwenda kwake au unakimbia kitu kingine. Kwa sababu nimekuona ukisoma Fizikia, mwanangu. Unaisoma umekunja uso kama mtu anayechuna mchicha wenye miiba, lakini unaifaulu. Nimekuona pia na Baiolojia, unaniamsha usiku kunionyesha mchoro wa sikio. "Mama mdogo, angalia, kuna mfupa mdogo kuliko punje ya mtama na ndio unaotusikilizisha!" Mtu anayeamsha watu kwa ajili ya mfupa wa sikio anataka kuwaacha vyura kwa sababu gani? Nadhani, na unisamehe kama nakosea, unataka kuiacha sayansi kwa sababu ikibaki, babu yako ataendelea kukuita daktari, na utakosa pa kumwambia hapana. Ukiwa HKL, barua ya shule itasema kwa niaba yako. Unatafuta masomo yatakayoongea badala ya mdomo wako. Ni ugonjwa wangu ule ule, umevaa nguo nyingine.

Kama ningekuwa na miguu yako kesho, ningeomba CBG. Kemia, Baiolojia, Jiografia. Fizikia unaiacha kwa amani. Baiolojia inabaki, na sikio lako. Jiografia ina ramani, ina idadi ya watu, ina kwa nini watu wanahama na wanaacha nini nyuma, na sisi wa mkoa huu mpya ambao jana tulikuwa Arusha na leo ni Manyara bila kusogeza hata jiwe la mafiga, tunalo la kusema humo. Nasikia wa CBG wanapewa na Hesabu ya ziada, iliyo nyepesi kidogo. Usiilalie, ndiyo zile takwimu za kumliza mtu. Historia na hadithi utasoma jioni, kwa kupenda, na kinachosomwa kwa kupenda hakihitaji kengele.

Lakini ukifika ukaona walimu, ukaona vitabu vilivyopo, ukaona kwamba HKL inakuita kwa jina lako, nenda HKL, na Baiolojia uisome wewe jioni. Nitakutumia daftari langu, lile zuri. Na kama ukiamua kubaki PCB kwa sababu umeona madaktari wa akili nao hupitia udaktari kwanza, baki. Mimi ninachokuomba ni kimoja. Usichague ili unyamaze.

Na lugha, hii hawataiweka kwenye ratiba. Utasoma kwa Kiingereza mpaka uanze kuota kwa Kiingereza. Ota tu. Ila likizo ukija, nenda Basotu ukae na mama yako muongee ya nyumbani, hata kama maneno yamepata kutu. Mama yako kwa Kiswahili alikuwa na nafuu. Kwa Kiiraqw alikuwa anasubiri watu. Nimefikiria sana jambo hilo. Labda huko Basotu, na Masakta, na hapa kwetu, kuna watu wengi wenye nafuu ya Kiswahili, na siku moja wewe utakaa nao kwenye chumba chenye viti vitatu na utajua cha kuwauliza. Mimi nikiwaza hilo sioni tena wivu. Naona kama mvua ikipiga upande wa mlima, najua itafika.

Na mimi usinisikitikie. Nimeandikishwa kurudia mtihani mwaka huu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baiolojia, Historia, Kiswahili, Kiingereza, Hesabu na Uraia. Mwalimu Bura wa shule ya msingi amekubali nikae naye Jumamosi, na sharti lake la kwanza ni niulize maswali matatu kila nikija, la sivyo ananirudisha nyumbani. Jumamosi iliyopita niliuliza mawili, akanisimamia mlangoni mpaka nikapata la tatu. Nikamwuliza, "Mwalimu, naweza kwenda?" Akasema hilo halihesabiki. Kwa hiyo nisubiri huko mbele, na ukitangulia kufika uniwekee kiti.

Naacha hapa, mkono umechoka, nawe utarudi wakati wowote kutoka kuwaaga jamaa wa Masakta. Uende salama, mwanangu, uliyenikuza mimi nikidhani ninakukuza wewe.

Ni mimi mama yako, kwa amri ya bibi yako,
Yustina

Nimeongeza karatasi. Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua, nikaifungua tena.

Tangu mchana nimeandika hii kwa kuibia. Kila mtu akipita uani naifunika kwa ungo wa maharage na kuanza kuchagua mawe ambayo hayamo. Bibi yako amenisifu mara mbili kwa uchapakazi. Nimeona kwamba ninakuandikia usijifiche huku mimi mwenyewe nimejificha chini ya ungo.

Uliniambia nisimwambie babu yako. Nilisema sawa, na nilikosea kusema sawa. Ungeondoka kesho na siri hiyo kwenye begi, naye angebaki na daktari wake, na likizo ya kwanza mngekutana mnatazamana pembeni. Sisi tumeshaona kinachompata mtu nyumba nzima ikiwa na sababu nzuri ya kukaa kimya. Mimi simwambii babu yako ukasome nini, hilo utamwambia wewe usiku huu baada ya chakula, nami nitakaa karibu yako. Namwambia tu akusikilize. Na nina la kwangu, ambalo limekaa kwangu tangu hospitali, na bibi yako nalo linamkaa hivyo hivyo, kila mmoja akimngoja mwenzake. Babu yako hajui kwamba kuna mtu Basotu anamsubiri yeye. Anadhani binti yake anaumwa kichwa. Akiwa na nauli ya kwenda Basotu na dakika za kula ugali sahani moja na mwanawe, basi yeye ndiye daktari wa kwanza kwenye ukoo huu, wewe utakuwa wa pili, wa namna yoyote utakayotaka.

Nasikia gambuti zake. Amefunga mbuzi, anagonga tope kwenye jiwe la mlangoni, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Ungo nimeutundika ukutani. Karatasi ziko mezani, zimekunjuka, jina lako juu, na yeye anasoma Kiswahili vizuri kuliko sisi sote.

Neno la kwanza nimeshalijaribu kwa sauti, kuku mmoja akageuka. Sasa nalisema kwa mtu.

"Baba, shikamoo. Kaa kwanza. Ni habari ya Marselina, na ni habari ya dada."